Gari la Kimya na Breki ya Mwalimu

Jumatatu, 3 Machi

Limepita tena! Asubuhi, katikati ya somo la gia, gari jipya la shemeji limepita mbele ya dirisha la darasa langu bila sauti yoyote. Wanafunzi wote wawili wamegeuza shingo. Mimi pia. Chaki imenidondoka.

Shemeji ni kaka mkubwa wa mke wangu. Ana shule ya udereva ng'ambo ya barabara, kama mimi nilivyo na yangu upande huu. Sasa kanunua haibridi: injini ya petroli na betri kubwa ndani ya gari moja, na vyenyewe vinapokezana kazi. Polepole, betri. Ukikaza mwendo, injini inaamka. Ukifunga breki, betri inajichaji. Mlangoni kaandika kwa rangi ya kijani: SHULE YA KESHO. Kwa hiyo mimi ni nani? Shule ya jana?

Mchana mzima nimeota macho wazi. Nimejiona ndani ya gari lisilo na kelele, wanafunzi wananong'ona kwa adabu, miti inapita, hakuna anayepiga kelele za klachi. Chai imepoa mkononi.

Jioni mke wangu amenikatisha ndoto. Anafundisha alama za barabarani na kuandikisha wanafunzi, na kusema kweli wengi huja kwa ajili yake. Amesema kaka yake amemwomba akafanye kazi kwake. Atapewa meza yenye droo, kando ya dirisha, na feni. Hapa kwetu meza yake iko darasani, chini ya bati la tatu la paa, kwa sababu mabati mengine yanavuja. Amesema amechoka na mipango yangu. Mama yake ana mtihani wa udereva Ijumaa ya wiki ijayo. Mama akifaulu kwetu, yeye mke wangu anabaki. Asipofaulu, Jumatatu inayofuata anavuka barabara.

Hakukasirika. Alikuwa anakunja kanga huku akisema. Hilo ndilo limenitia baridi. Nampenda mke wangu. Naandika hivyo waziwazi ili nisije kudai nilitania.

Tatizo ni mama mkwe mwenyewe. Mkunga mstaafu, mama wa heshima zake, anataka kujiendesha mwenyewe kwenda kwa dada yake. Alikimbia shule ya mwanawe kwa sababu mwanawe anafoka. Kwangu hafokewi. Nitamfokeaje mama mkwe? Hata kukohoa mbele yake najifikiria mara mbili. Basi tangu alipoanza, akisahau breki, mimi hukanyaga breki ya mwalimu, ile ya upande wangu, taratibu, kwa adabu, huku nikitazama dirishani kana kwamba nahesabu ndege. Hajawahi kujua. Anaamini amekwisha kuwa dereva.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Mwenyezi Mungu hamtupi mja wake mwenye maono.

Kuna fundi wa magari ya umeme nyuma ya soko. Huvaa koti jeupe na watu humwita Daktari. Uani kwake lipo haibridi la rangi ya fedha, limetulia chini ya turubai. Nimezunguka mara kadhaa nikijitia hamnazo, kama mtu aliyekuja kuulizia balbu.

Daktari ana maneno mengi. Amenionyesha betri nyuma ya kiti: seli zimepangwa kama vitabu kwenye rafu. Amesema zile ni za nikeli, za zamani, siku hizi kuna za lithiamu, nyepesi, na kuna nyingine zinakuja zitakazochajiwa mtu akinywa chai. Nimesikia ubongo wangu ukiyeyuka kwa raha. Amesema pia kwamba baadhi ya seli za gari hili zimechoka, na seli moja ikichoka inazivuta nyingine zote chini. Kaziita wagonjwa wenye matumaini. Mimi nimesikia matumaini.

Tumebadilishana. Gari kwa gari. Kalichukua la kwangu la zamani, mimi nikaondoka na la kwake. Barabarani nimefungua kioo nisikilize. Hakuna kitu! Upepo tu, na mtu mmoja akipiga chafya mbali.

Nimepita mbele ya shemeji mara nne. Mara ya nne ametoka nje. Ametazama matairi tu.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu hajaongea tangu jana. Nyumba nzima sasa ni haibridi.

Kisha asubuhi ameuliza swali moja: gari letu liko wapi? Nimemwambia hili hapa, mke wangu, jipya, la kisasa. Amesema hapana, lile. Lile alilojifunzia yeye. Lile nililomwambia ndani yake, kwenye mlima wa hospitali, aachie klachi polepole, naye akaniuliza kama nimeoa.

Sikulifikiria hilo hata kidogo. Nilikuwa nawaza betri.

Nimekwenda kukaa garini uani ili nijutie kwa utulivu. Kiti kizuri mno kwa majuto. Nimebonyeza kitufe cha kuwashia, kimya. Nimebonyeza tena, kimya vilevile. Miaka yote nawafundisha watu kwa sikio: sikiliza injini, injini itakwambia. Hii haisemi. Sijui imewaka au imezimika. Nimekata shauri kwamba imezimika, nikatoka, nikaenda kula.

Mama mkwe alikuwa uani anaanika shuka. Gari halina mtu. Mlango umefungwa. Ghafla, nyuma yake, injini imejiamsha yenyewe, ikanguruma na kutetemeka. Betri ilikuwa imeshuka, ndiyo kazi ya injini hiyo, kuichaji. Lakini nani amwambie mtu aliyekwisha kurusha beseni?

Amekuja jikoni polepole, kajifunika shuka lenye maji. Ameniambia kwa sauti ya chini kwamba mwanangu, lile gari lina wenyewe. Nimemweleza kuhusu betri. Amesikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimelisomea dua.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya. Naandika nikiwa nimeinua mguu juu ya mto.

Somo la kwanza la mama mkwe kwenye gari jipya. Kwanza ameuliza klachi iko wapi. Hakuna, Mama. Gia je? Zinajibadilisha, Mama. Akauliza sasa mguu wake wa kushoto ukae tu kama mgeni? Nikasema upumzike. Amefurahi. Tumeondoka kwa kimya kizuri. Jua la saa nne, kivuli cha miti juu ya kioo, sauti ya matairi kama mtu anayekaanga kitu kidogo kidogo chumba cha pili. Nimelegea. Nimefumba macho, kidogo tu.

Nilipoyafumbua, kona ya shule ya shemeji ilikuwa inatujia. Mama mkwe anatabasamu, mikono imetulia, hana dalili ya kupunguza mwendo. Nikafanya kama kawaida. Nikatazama dirishani, nikakanyaga breki ya mwalimu.

Zulia.

Nikakanyaga tena. Zulia! Breki ya mwalimu imebaki kwenye gari la zamani! Mimi, mwalimu wa udereva, nimebadilisha gari na sikuangalia kama lina breki yangu! Nimelikanyaga lile zulia kwa nguvu zangu zote, mpaka kifundo kimelia. Nilitaka kupiga kelele. Mdomo ulifunguka. Kilichotoka ni: samahani, Mama.

Tumeingia kwenye bango la SHULE YA KESHO. Bango limelala chini lote, taratibu, kama mzee anayejinyoosha. Sisi wazima. Gari limepata mkwaruzo tu, limesimama lenyewe juu ya neno KESHO.

Shemeji katoka anafoka. Mama mkwe kashuka, akajitengeneza mtandio, akamwambia mwanawe kwamba bango alilisimamisha mahali ambapo barabara inataka kupita. Shemeji akanigeukia mimi. Nikaonyesha kifundo.

Njiani kurudi mama mkwe alikuwa na huzuni. Amesema wanasema gari hili lina akili, lakini lile la zamani lilikuwa na akili zaidi. Lile lilikuwa likiona hatari linasimama lenyewe.

Nimeuma ulimi. Ningemwambia nini? Kwamba hajawahi kufunga breki hata siku moja maishani mwake?

Mke wangu ametuona kutoka dirishani. Ameanza kupanga vitabu vyake vya alama kwenye boksi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimetafakari. Kosa lilikuwa wapi? Betri imechoka, kwa hiyo injini inaamka ovyo, kwa hiyo hakuna utulivu, kwa hiyo mwanafunzi hawezi kufikiri breki. Nikiipa injini mafuta laini zaidi, kila kitu kitalainika. Sioni pengo katika hoja hii.

Daktari aligusia ethanoli. Alisema kuna nchi magari yanatembea kwa pombe ya miwa iliyokenekwa, yaani ikachemshwa na mvuke wake ukakingwa, ikakauka maji yote. Miwa sina. Lakini muuza juisi wa kona ana maganda ya mananasi, rundo kila jioni, anashukuru ukimwondolea. Nimejaza pipa zima nyuma ya darasa. Sukari, maji, kifuniko. Nimekifunga kwa waya isije ikapotea hata pumzi moja ya nguvu.

Jioni nimekaa kando ya pipa. Harufu tamu. Ndani linasema pu, pu, kama mtoto anayeota. Nimeona mbele: mji mzima unanukia nanasi. Askari wa barabarani wanatabasamu. Mke wangu yuko kwenye meza ya droo, yangu mimi, na feni mbili. Kwenye mlango nimeandika SHULE YA KESHOKUTWA.

Amekuja kuniita chakula. Akatazama pipa, akanitazama mimi. Ameuliza mama yake amekwisha kufundishwa breki? Nimesema tuko njiani. Akasema ndicho anachoogopa, kwamba wako njiani.

Jumatatu, 10 Machi

Sikuweza kungoja. Nimechota ndoo, nimechuja kwa soksi safi, nimemimina kwenye tangi. Daktari alisema ikenekwe. Nikajiambia madaktari wote huzidisha masharti.

Injini imeamka mara moja. Imekohoa. Imetoa moshi mweupe wenye harufu ya harusi. Imelala.

Lakini betri ilikuwa na chaji kidogo! Na hapo ndipo nilipopata dakika zangu nzuri kuliko zote za mwaka huu, potelea mbali yaliyofuata. Gari limeteremka mlima wa hospitali bila injini, kwa seli zile zilizochoka, kwa mwendo wa mtu anayekwenda kusalimia wagonjwa. Mtoto wa shule amelipita kwa miguu akinipungia. Kila kitu kilikuwa karibu na chepesi. Nimekumbuka mke wangu alivyoshika usukani pale pale kwa mikono miwili, ulimi nje kidogo. Nimelia. Si kwa huzuni, au labda.

Chini ya mlima limezima kabisa. Shemeji ndiye aliyepita. Amenivuta kwa kamba mpaka nyumbani, kwa haibridi lake, kimya kimya, akipunga mkono kila duka.

Jumatano, 12 Machi

Mke wangu amefanya mapinduzi.

Asubuhi kachukua ufunguo, kaita vijana wa kusukuma, kalipeleka haibridi kwa Daktari. Mchana nikiwa darasani nimesikia sauti. Sikuhitaji kutazama. Klachi inayolalamika, gia ya pili inayoguna, bomba la moshi lenye kikohozi. Gari langu! Nimetoka mbio hadi nimepoteza kiatu.

Daktari alikuwa bado hajamuuzia mtu. Amekubali kurudishiana kwa sharti moja: mimi mwenyewe nikamsafishie tangi lote, mpaka liache kunuka nanasi. Jumamosi. Ameniita jina ambalo sitaliandika.

Mke wangu ameuvaa ufunguo shingoni kwa uzi. Akamwita mama yake, akamkalisha kwenye usukani, yeye akakaa kiti changu. Kisha akafanya kitu ambacho sijawahi kukifikiria katika miaka yote ya ualimu. Amekunja miguu yote miwili juu ya kiti, kama mtu aliyekaa mkekani. Akamwambia mama yake kila kitu. Kwamba gari hili halina akili yoyote. Kwamba lilikuwa linasimamishwa na mguu wa mkwe wake.

Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilitamani pipa linimeze.

Mama mkwe akaniita. Nimekwenda na kiatu kimoja. Ameniambia mwanangu, muda wote huu nilikuwa nalishukuru gari. Akasema yeye amezalisha watoto nusu ya mji huu, na mama asiyeambiwa ukweli wakati wa kusukuma anaweza kupoteza mtoto. Kwa hiyo siku nyingine nikimwona anakosea, nipige kelele. Hatavunjika. Nimesema ndiyo, Mama. Nimeapa.

Wamezunguka hadi jioni, wakarudi wamenuna wote wawili. Kesho tena. Anafunga breki mapema mno sasa, hata akiona kivuli.

Ijumaa, 14 Machi

Mtihani ulikuwa saa tatu. Wao wawili walitangulia mapema na gari. Mimi nilivaa suti, maana nilitaka mtahini aone mwalimu mzima amesimama nyuma ya mwanafunzi wake. Nikapita nyuma ya darasa mara moja tu, kuliangalia pipa.

Lilikuwa limevimba. Waya umekaza. Nilitaka kulilegeza kidogo, nitoe pumzi.

Kifuniko kiko juu ya paa sasa. Mananasi mengine sijui yaliko. Suti ilikuwa moja tu niliyonayo, na muda ulikuwa umekwisha.

Nimefika kwenye uwanja wa majaribio nikikimbia. Askari wa getini kanusa. Akauliza mimi ni nani. Nikasema mwalimu wa udereva. Amecheka hadi akashika nguzo, kisha hakucheka tena. Nimemweleza kuhusu haibridi, ethanoli, maganda. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kuamini nimelewa. Akanikalisha kwenye benchi nje ya ukuta, nisitie mguu ndani.

Kwa hiyo sikuona kitu. Ukuta mrefu, juu yake anga, wingu moja linajivuta. Nzi wananizunguka kwa upendo. Nikafumba macho nikasikiliza, maana ndicho ninachokijua.

Limewaka. Gia ya kwanza, vizuri. Ya pili, ikaguna. Linazunguka mapipa. Linapanda mlima mdogo. Limesimama mlimani! Hapo wengi hurudi nyuma. Klachi ikaachiwa polepole, polepole, ndivyo, Mama, likaondoka bila kurudi hata unyoya. Kisha mwendo, mwendo, nikajua ni ule mstari wa mwisho wenye ukuta mbele, na mguu wangu wa kulia ukakanyaga vumbi la chini ya benchi wenyewe. Nikasikia matairi yakisimama.

Haukuwa mguu wangu uliolisimamisha. Nimelia mbele ya askari, suti inadondosha nanasi. Kaniletea maji.

Amefaulu! Mama mkwe katoka na karatasi, kamkumbatia binti yake. Shemeji alikuwepo na wanafunzi wake, kaja kupongeza, kaninusa, karudi nyuma. Nimemuuliza mke wangu kwa sauti ndogo kama hii inahesabika kuwa kufaulu kwetu. Kachukua kipande cha ganda kwenye ukosi wangu. Amesema amefaulu kwetu, si kwako, na kwamba kwake yeye inatosha. Anabaki. Lakini kuanzia Jumatatu yeye ndiye atakayekaa kiti cha mwalimu, nami nitafundisha alama. Na ufunguo unabaki shingoni mwake. Nimekubali yote. Ningekubali hata kufundisha mbuzi.

Jumapili, 16 Machi

Asubuhi tulivu. Mke wangu amerudisha vitabu vyake kutoka kwenye boksi, kavipanga mezani, chini ya bati la tatu. Anaimba. Sijui wimbo gani, lakini ni wa kubaki.

Mama mkwe ametuendesha kwenda kwa dada yake na kurudi. Mke wangu alikaa nyuma, kalala. Mimi mbele. Wakati wa kuingia uani, mama mkwe aliukaribia sana mwimo wa geti. Sana. Niliapa nitapiga kelele. Nikavuta pumzi. Nikatazama dirishani, nikakanyaga taratibu. Ameniuliza kama ameegesha vizuri. Nimesema vizuri mno, Mama. Hakuna aliyeumia. Kwa nini kumharibia mtu siku yake?

Jana nilimaliza tangi la Daktari. Mikono itanuka hadi Pasaka. Lakini nikiwa chini ya gari nimesikia vitu. Kuna betri ya lithiamu imeingia karakanani kwake, bapa kama godoro la mtoto, haina sauti, haina moshi, haina nanasi. Si haibridi tena, ni umeme mtupu! Unaifunga kwenye gari la zamani lolote, breki ya mwalimu unaibakiza pale pale. Nilimuuliza hilo la breki kwanza kabisa. Watu watasema sijifunzi.

Daktari hataki kubadilishana gari na mimi tena, na hata angetaka, ufunguo uko shingoni mwa watu. Anachohitaji ni mabati, aezeke karakana kabla betri zake hazijanyeshewa. Mabati! Nimemwambia anitunzie ile ya godoro.

Nimekaa uani natazama paa la darasa. Zuri, refu, karibu lote linavuja tu, halina faida kwa mtu. Kuna mawingu upande wa mlima wa hospitali, meusi kidogo, ya kupita tu. Mke wangu bado anaimba. Mwaka mzima ameomba jambo moja, nisimharibie meza yake, na safari hii nimemfikiria yeye kabla ya kitu chochote. Meza iko chini ya bati la tatu. Nitaanzia la nne.